Henri Christophe: Mtumwa Aliyevunja Minyororo, Kisha Akavaa Taji

Sisi watu wa Mwanza tunayajua mawe. Tunayaona yamekaa moja juu ya jingine, ziwani na vilimani. Wako akina mama wanaopata riziki kwa kuyaponda kuwa kokoto. Kwa hiyo tunajua uzito wa jiwe. Tunajua pia kwamba jiwe halipandi mlima lenyewe. Lazima awepo mtu wa kulibeba.

Ndugu wasomaji, leo tunawasimulia habari za mawe yaliyopandishwa mlimani katika nchi ya mbali iitwayo Haiti. Aliyeamuru yapandishwe alikuwa mtu mweusi kama sisi, jina lake Henri Christophe. Kwanza alikuwa mtumwa. Halafu akawa askari wa mapinduzi. Mwisho akawa mfalme. Na waliobeba mawe yale walikuwa watu aliopigana pamoja nao kuwatoa utumwani.

Tulipoisoma habari hii katika kikundi kimoja cha wasomaji, mzee mmoja aliuliza: "Sasa mwalimu, huyu bwana tumwite shujaa au mnyapara?" Swali hilo ni zuri. Tulishike mpaka mwisho wa habari hii.

NCHI YA MIWA NA MACHOZI

Haiti iko katika visiwa vya Karibiani, ng'ambo ya bahari, karibu na Marekani. Ni nchi ndogo. Ukichukua nchi yote ya Haiti haifiki nusu ya Ziwa Victoria letu.

Zamani nchi hiyo ilitawaliwa na Wafaransa, nao waliiita Saint-Domingue. Ilikuwa na mashamba makubwa ya miwa na kahawa. Utajiri wake ulikuwa mkubwa kuliko wa koloni lingine lolote la Ufaransa. Lakini nani alilima? Walilima watumwa kutoka Afrika. Kufikia mwaka 1791 watumwa hao walikuwa karibu nusu milioni. Walipigwa mijeledi, walilishwa vibaya, na wengi walikufa katika miaka michache tu ya kufika. Wakifa, wenye mashamba walinunua wengine.

Wengi wa watumwa hao walitoka Afrika Magharibi na Kongo. Lakini na pwani yetu haikusalimika. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi wa watu wa pwani yetu walipelekwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa. Hata hivyo meli nyingine, hasa kutoka Msumbiji, zilivuka mpaka Saint-Domingue. Basi tunapowasimulia habari za Haiti, hatuwasimulii habari za watu baki. Ni habari za ndugu zetu.

MTUMISHI WA HOTELI ANAKUWA JEMADARI

Christophe alizaliwa mwaka 1767 katika kisiwa cha Grenada. Alipokuwa bado kijana alifika Saint-Domingue, katika mji wa Cap-Français ulioko kaskazini. Huko alifanya kazi katika hoteli. Aliwahudumia wazungu mezani, akawasikiliza wanavyozungumza, akajifunza tabia zao na mipango yao.

Mwezi Agosti mwaka 1791 watumwa wa kaskazini waliamka. Walichoma mashamba ya miwa na majumba ya mabwana. Vita ilienea. Mwaka 1793 mjumbe wa Ufaransa aliona hali imemshinda, akatangaza kwamba watumwa wa kaskazini wako huru. Mwaka 1794 serikali ya Ufaransa yenyewe ikafuta utumwa katika makoloni yake.

Kiongozi mkuu wa watu weusi alikuwa Toussaint Louverture, naye pia aliwahi kuwa mtumwa. Christophe alipigana chini yake, akapanda cheo hadi kuwa jemadari, akakabidhiwa mji wa Cap-Français.

Mwishoni mwa mwaka 1801 mtawala wa Ufaransa, Napoléon Bonaparte, alituma jeshi kubwa kwa merikebu ili kuirudisha nchi ile mikononi mwake. Merikebu zilipofika, mkuu wa jeshi alimtaka Christophe afungue mji. Christophe alikataa. Badala ya kuutoa mji kwa adui, aliamuru uchomwe moto. Hata nyumba yake mwenyewe iliungua. Hapo tunaona ujasiri wa mtu huyu.

Lakini tuseme kweli yote. Baada ya miezi michache ya mapigano, Christophe alisalimu amri, akawa upande wa Wafaransa kwa muda. Toussaint alikamatwa kwa hila, akapelekwa Ufaransa, akafia gerezani mwaka 1803. Kisha habari zikaenea kwamba Wafaransa wanarudisha utumwa katika visiwa vyao. Hapo Christophe na wenzake waliwaasi Wafaransa tena. Tarehe 18 Novemba 1803 jeshi la watu weusi, likiongozwa na Jean-Jacques Dessalines, liliwashinda Wafaransa huko Vertières.

Tarehe 1 Januari 1804 nchi ilitangazwa kuwa huru. Ikapewa jina la Haiti, jina la wenyeji wa zamani, maana yake nchi ya milima. Watumwa walikuwa wamewashinda mabwana zao na kuunda taifa lao. Jambo kama hilo lilikuwa halijaonekana.

UHURU UMEPATIKANA. JE, NANI ATALIMA?

Basi uhuru ukaja. Lakini kesho yake asubuhi kulikuwa na swali gumu: haya mashamba makubwa tuyafanyeje?

Mkulima wa kawaida alikuwa na jibu lake. Alitaka kishamba chake, apande viazi, mahindi na ndizi, afuge kuku, alale na familia yake bila kusikia mjeledi. Kwake yeye huo ndio uhuru.

Viongozi walikuwa na jibu jingine. Walisema: Wafaransa wanaweza kurudi wakati wowote. Lazima tuwe na bunduki, baruti na ngome. Vitu hivyo vinanunuliwa kwa fedha. Fedha inatoka katika sukari na kahawa. Basi lazima watu wabaki katika mashamba makubwa.

Dessalines alijifanya mfalme mkuu mwaka huohuo wa 1804. Mwaka 1806 aliuawa na watu wake mwenyewe. Viongozi waliobaki hawakupatana, na nchi ikagawanyika vipande viwili. Kusini alitawala Alexandre Pétion, akaiita sehemu yake jamhuri. Kaskazini alitawala Christophe. Kwanza aliitwa rais. Lakini mwaka 1811 alitangazwa kuwa mfalme, na tarehe 2 Juni mwaka huo akavikwa taji. Akajiita Mfalme Henry wa Kwanza.

MFALME NA WAKUBWA WAKE

Mfalme hawezi kukaa peke yake. Christophe aliwapa majemadari wake vyeo vya kikabaila kama vya Ulaya. Kulikuwa na bwana mkubwa wa mahali paitwapo Limonade na mwingine wa mahali paitwapo Marmelade. Wazungu waliwacheka kwa majina hayo. Sisi hatuna sababu ya kucheka, maana hayo ni majina ya miji tu, na tena ni Wafaransa wenyewe walioipa. Jambo la kutazama ni lingine: wakubwa hao walipewa mashamba yaleyale ya zamani, na watu wa kuyalima.

Katika mji wa Milot mfalme alijenga jumba kubwa sana liitwalo Sans-Souci. Maana yake ni "bila wasiwasi". Na juu ya mlima ulio nyuma ya jumba hilo, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, aliendelea kujenga ngome aliyoianza mwaka 1805. Ngome hiyo ina kuta nene zinazofikia mita 40 hivi kwenda juu. Ina maghala ya chakula, matangi ya maji ya mvua, na mizinga zaidi ya mia moja. Kazi iliendelea kwa miaka kama 15. Maelfu ya watu walipanda mlima ule wakibeba mawe, chokaa na mizinga. Wengi walikufa katika kazi hiyo.

Ngome ingalipo hadi leo. Mwaka 1982 shirika la UNESCO liliiweka katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na magofu ya jumba la Sans-Souci. Haitumiki tena kwa vita, na Wafaransa hawakuja kuishambulia.

SHERIA YA SHAMBA

Mwaka 1812 mfalme alitoa kitabu cha sheria. Tusimwonee: sheria zake za kilimo zilikuwa na mambo mazuri. Mfanyakazi wa shamba hakuwa mali ya mtu, hakuweza kuuzwa. Wafanyakazi walitakiwa kupewa robo ya mavuno. Mwenye shamba alitakiwa kuwatunza wagonjwa. Haya hayakuwapo wakati wa Wafaransa.

Lakini mfanyakazi hakuruhusiwa kuondoka shambani atakavyo. Saa za kazi ziliwekwa na serikali. Askari walizunguka kukamata wazururaji na wavivu. Baadhi ya askari hao walikuwa kikosi maalumu kilichoitwa kwa jina la Dahomey, nchi ya Afrika Magharibi. Basi mtu aliyezoea kuamshwa kwa mjeledi wa Mfaransa, sasa aliamshwa kwa fimbo ya ndugu yake. Je, mgongo unajua tofauti?

Nchi ilipata mali nyingi. Sukari na kahawa ziliuzwa nje, hazina ikajaa. Hata leo fedha ya Haiti inaitwa gourde, neno ambalo kwa Kifaransa ni kibuyu. Watu wa Haiti husimulia kwamba Christophe alipoanza kutawala hakukuwa na fedha. Akakusanya vibuyu vyote kuwa mali ya serikali, kisha akavitumia kununulia kahawa ya wakulima. Mtu huyu alikuwa na akili ya uchumi, hilo hatukatai.

Kule kusini mambo yalikuwa kinyume. Kuanzia mwaka 1809 Pétion aliwagawia askari wake vipande vya ardhi. Hazina yake ilikuwa tupu na sukari ikapungua sana, maana kila mtu alilima chakula chake na kahawa kidogo. Pétion naye hakuwa malaika: mwaka 1816 alifanywa rais wa maisha. Lakini mkulima wa kusini alilala kwake. Baadhi ya watu na askari wa kaskazini walitoroka kwenda huko. Mfalme alikuwa na fedha, jirani yake alikuwa na watu.

MFALME ALIYEPENDA SHULE

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sana sisi tuliopitia madarasa ya kisomo. Christophe mwenyewe hakuwa mtu wa kalamu. Aliweza kutia sahihi yake, lakini barua zake aliandikiwa na makatibu. Mmoja wao, Vastey, alitoa kitabu mwaka 1814 akieleza waziwazi ukatili wa mabwana wa Kifaransa kwa watumwa. Kitabu kile kiliandikwa na Mhaiti kueleza ulimwengu ukweli kwa kalamu yake.

Mfalme alijua anachokikosa. Alileta walimu kutoka Uingereza. Aliandikiana barua na Thomas Clarkson, Mwingereza aliyepigania kukomesha utumwa. Shule zake zilifuata mtindo huu: mwalimu mmoja anawafundisha wanafunzi waliotangulia, nao wanawafundisha wenzao. Wengi wetu tunaujua mtindo unaofanana na huo. Mradi wa kisomo chenye manufaa ulipoanza hapa Kanda ya Ziwa mwaka 1968, na hata kampeni zilizofuata, wengi waliotufundisha walikuwa wananchi wenzetu waliotutangulia kidogo tu kusoma.

Lakini shule za Christophe zilikuwa chache, na hasa zilikuwa mijini. Mtu wa shambani alibaki na jembe tu. Hakuweza kusoma sheria iliyosema anastahili robo ya mavuno. Na sheria usiyoweza kuisoma, mkubwa wako anakusomea kipande anachokitaka yeye.

MWISHO WAKE

Mwaka 1819 mfalme alianza kuwagawia askari wake ardhi. Pengine aliona kwamba kusini wamefanya busara. Lakini maji yalikuwa yamezidi unga.

Tarehe 15 Agosti 1820, akiwa kanisani huko Limonade, alipatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukapooza. Mfalme ambaye watu walimwogopa kwa nguvu zake sasa hakuweza kupanda farasi. Mwezi Oktoba askari wake wa Saint-Marc waliasi. Uasi ukaenea. Wakubwa aliowapa vyeo na mashamba nao wakamwacha. Hata askari wa ulinzi wake waligeuka.

Tarehe 8 Oktoba 1820 Christophe alijiua kwa bastola katika jumba lake, lile liitwalo "bila wasiwasi". Mke wake Marie-Louise na binti zake walisaidiwa na watu wachache kuupandisha mwili wake hadi ngomeni. Hapo wakauzika katika chokaa, ili waasi wasiuchezee. Siku chache baadaye kijana wake, mrithi wa kiti, aliuawa, na Vastey pia. Marie-Louise na binti zake walikwenda Uingereza, halafu Italia. Huko alifariki mwaka 1851.

Mwezi huohuo Rais Boyer, aliyemfuata Pétion, aliunganisha nchi. Ufalme ulikuwa umeishi miaka tisa tu.

JE, HOFU YAKE ILIKUWA YA BURE?

Hapana. Mwaka 1825 merikebu za kivita za Ufaransa zilifika Haiti. Mfalme wa Ufaransa alidai fidia ya faranga milioni 150 ndipo akubali uhuru wa nchi ile. Fidia ya nini? Ya mashamba na watumwa waliopotezwa na mabwana! Yaani aliyefungwa minyororo amlipe aliyemfunga. Mwaka 1838 deni lilipunguzwa, salio likawa milioni 60, lakini Haiti ilikuwa imeshakopa kwa mabenki ili kulipa. Mikopo iliyotokana na deni hilo iliwatesa wananchi hadi mwaka 1947.

Kwa hiyo Christophe hakuota. Adui alikuwapo kweli. Kosa lake halikuwa kuogopa adui. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba ngome ya mawe itatosha. Wananchi ndio ukuta wa kwanza wa nchi. Ukiwaponda wao kama kokoto ili upate ukuta mwingine, umebaki na nini?

NA SISI JE?

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ikawa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na watemi wa Usukuma wakawa raia kama raia wengine. Rais wetu wa kwanza, Mwalimu Nyerere, alikuwa mtoto wa chifu wa Wazanaki, lakini hakujivika taji. Mwaka 1985 alitoka Ikulu kwa miguu yake mwenyewe. Hilo ni jambo la kushukuru.

Lakini tusijisifu mno. Wazee wa Usukuma wanakumbuka sheria za mkoloni za kulima matuta na kupunguza ng'ombe kwa lazima. Wanakumbuka pia miaka ya 1973 hadi 1976, tulipohamia vijijini. Nia ilikuwa nzuri: shule, zahanati na maji yawe karibu. Shule zikaja kweli. Lakini wako walioondolewa kwenye miji yao kwa nguvu, nyumba zikabaki magofu. Nia njema haimpi mtu ruhusa ya kumsukuma mwenzake.

Leo ngao yetu ni sheria, nayo imeandikwa. Sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa inasema Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa watu wazima wote wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautaka mkutano huo uhusishwe katika kugawa ardhi ya kijiji. Taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa isomwe mbele yenu. Yakisomwa, nawe unajua kusoma, omba uitazame ile karatasi kwa macho yako. Si utovu wa adabu. Ndiyo kazi ya kisomo.

Sasa turudi kwa yule mzee na swali lake. Christophe ni shujaa au mnyapara? Sisi tunajibu: alikuwa vyote viwili. Aliuchoma mji wake ili watu wasirudi utumwani. Halafu akawapandisha watu haohao mlimani na mawe mabegani. Mtu mmoja anaweza kuvunja mnyororo asubuhi na kuufua mwingine jioni. Ndiyo maana uhuru hauachiwi mtu mmoja autunze, hata awe shujaa namna gani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wakulima wa Haiti walitaka mashamba madogo, na kwa nini viongozi walitaka mashamba makubwa? Nani alikuwa na haki?

2. Christophe alijaza hazina, Pétion aligawa ardhi. Kama ungekuwa mkulima wa wakati ule, ungekaa kaskazini au kusini? Toa sababu.

3. Je, kijijini kwenu kazi za maendeleo zinaamuliwa wapi, na nani anaamua? Mara ya mwisho mapato na matumizi yalisomwa lini?